Kuonja bia nyeusi kali na kuzitofautisha: mwongozo wa meza ya watu watano, Tanga

Weusi wa bia hautoki mahali pamoja. Ipo iliyopata rangi kwa shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa kama buni, ipo ya kimea kilichokaushwa kwa moto wa kiasi hadi kikawa na rangi ya ganda la mkate, na ipo iliyotiwa sukari iliyopikwa ikakaribia kuungua. Zimimine zote tatu kwenye baa yenye taa hafifu, utaapa ni kitu kimoja. Mdomoni hazina undugu. Kwa hiyo kila glasi iulize swali moja kwanza: weusi huu umetoka wapi? Ukipata jibu, mengine yanajipanga yenyewe.

Vipimo vya hapa ni vya watu watano, wote wametimiza miaka 18, bia tano, jioni moja. Vimepangwa kwa hali ya Tanga: joto, feni, umeme unaokatika, na bia ambazo nyingi hazimo kwenye friji za mjini.

Bia za kutafuta

Ngamiani, nyeusi mbili utazikuta bila kuhangaika: Guinness, ambayo ni stauti (bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa), na Castle Milk Stout, yaani stauti ya maziwa. Hizo ziwe msingi wa meza. Zilizobaki agiza kwa mtu anayetoka Dar es Salaam, kwenye maduka makubwa ya vileo vya nje, na kubali chochote kinachopatikana ilimradi ni cha jamii tofauti. Kwenye lebo tafuta Doppelbock, bia kali ya kimea ya Ujerumani (majina mengi huishia na -ator, kwa kufuata Salvator ya Paulaner yenye 7.9%), bia nyeusi ya watawa wa Ubelgiji kama Chimay ya bluu (9%) au Rochefort 10 (11.3%), Baltic Porter (pota ya Baltiki) kama ile ya Żywiec ya Poland (9.5%), na Imperial Stout (stauti ya kifalme) ya kiwanda chochote, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 8% na 12%. Ukipata Lion ya Sri Lanka au Dragon ya Jamaika, ichukue. Hizo ni stauti za nchi za joto, na zina tabia yake.

Usikariri asilimia ya kileo, isome kwenye chupa. Guinness Foreign Extra ya Nigeria ni 7.5%, lakini bia hiyohiyo kwa masoko mengine hutoka na kileo kidogo zaidi. Dublin hutuma kiini chake kizito, na kila kiwanda hukichanganya na bia kinayoitengeneza chenyewe. Ndiyo maana chupa mbili zenye jina moja kutoka nchi mbili zinastahili kuwekwa bega kwa bega.

Kipimo ni ml 60 kwa mtu kwa kila bia, maana yake chupa moja ya ml 330 inatosha watu watano na inabaki kidogo. Hesabu ya kileo ni hii: sampuli tano za ml 60 ni ml 300, na kwa wastani wa 8% hizo ni ml 24 za kileo halisi. Chupa ya ml 500 ya bia ya kawaida ya 5% ina ml 25. Kwa hiyo meza nzima ni sawa na chupa moja kubwa kwa kila mtu, ambayo ni kidogo kwa mnywaji lakini inatosha kumzuia kuendesha. Ukiongeza bia ya sita, ya saba, ulimi umeshachoka na kinachoandikwa kwenye karatasi ni porojo.

Chupa zilizosafiri kwenye buti la basi zisifunguliwe siku hiyohiyo. Zisimamishe wima kwenye friji siku mbili ili machicha ya hamira yatulie chini. Za Ubelgiji ndizo zenye machicha zaidi, kwa sababu hamira hai huachwa ndani ya chupa kwa makusudi. Na usinunue bia iliyokaa rafu ya dirishani: kwenye stoo ya nyuzi 30 bia huzeeka zaidi ya mara mbili ya kasi yake kwenye nyuzi 20.

Andaa ulimi kabla ya bia

Wengi hushindwa hapa. Mtu anaonja, anasema "hii kali", basi. Lakini kinachomchoma kinaweza kuwa kileo, au uchungu, au ukakasi, au uchachu, na bia mbili zenye ukali unaolingana zinaweza kutofautiana katika yote manne. Andaa vipimo vinne kwenye vikombe vidogo, kila mtu aonje tone:

Kileo: ml 20 za Konyagi kwenye ml 68 za maji. Konyagi ni 35%, kwa hiyo unapata mchanganyiko wa karibu 8%. Puuza harufu yake, sikiliza joto linaloshuka kooni.
Uchungu: kijiko cha chai cha kahawa iliyosagwa kwenye ml 100 za maji ya moto, dakika 4, chuja, iache ipoe.
Ukakasi: vijiko viwili vya majani ya chai kwenye ml 200, yaache dakika 10 nzima. Mashavu yatajivuta ndani.
Uchachu: kijiko cha chai cha maji ya ndimu kwenye ml 200.

Kisha sahani ya harufu. Soko la Mgandini linamaliza karibu kila kitu: sukari guru kipande cha kidole gumba, tende mbili, zabibu kavu zilizolowekwa, ndizi kisukari iliyoiva sana, karafuu moja (moja tu, mbili zitatawala chumba), kakao isiyo na sukari. Ongeza vipande viwili vya boflo, kimoja ukibanike hadi kiwe kahawia, kingine kiungue kiwe cheusi. Tofauti kati ya vipande hivyo viwili ndiyo utakayoihitaji kuliko zote usiku huo. Cha kahawia kina utamu na harufu ya nafaka. Cheusi kina majivu.

Chumbani kusiwe na udi, asumini wala marashi mapya, na samaki asikaangwe jirani. Feni isielekee mezani, kwa sababu inapeperusha harufu kabla pua haijafika. Upepo wa Raskazone ni mzuri kwa maongezi, kwa kuonja haufai hata kidogo. Meza iwe ndani, na mwezi wa mfungo acheni kabisa. Majirani ni muhimu kuliko stauti.

Joto

Bia nyeusi kali ikitoka friji ya nyuzi 4 haina harufu. Utaonja gesi na uchungu tu. Ikifika nyuzi 20 kileo kinapanda puani na utamu unakuwa mzito. Lenga nyuzi 12 hadi 14 kwa stauti ya kifalme na ya Ubelgiji, 10 hadi 12 kwa pota ya Baltiki, na kiasi cha 9 kwa Doppelbock.

Miongozo ya nchi za baridi husema uiache chupa mezani mpaka ipate joto. Kwa Tanga hilo ni kosa, kwa sababu glasi yako yenyewe ina nyuzi 30. Glasi ya gramu 150 ikipokea ml 60 za bia baridi, inaipandisha nyuzi 4 hadi 6 ndani ya dakika mbili tatu, kabla hata ya mkono wako kuishika. Mimina ikiwa nyuzi 7 au 8, glasi itamaliza kazi. Kwa Doppelbock suuza glasi kwa maji ya baridi kwanza.

Umeme ukikatika, ndoo yenye lita 10 za maji ya bomba na barafu kilo 2 na nusu hadi 3 itakupa maji ya karibu nyuzi 8. Tumbukiza kipimajoto cha jikoni, ongeza barafu inapopanda. Hii ni bora kuliko kuzika chupa kwenye barafu tupu, ambako zinaganda ganzi.

Glasi na kumimina

Glasi ndogo za mvinyo zinafaa. Bilauri za chai zinakubalika zikiwa zote za aina moja. Adui ni mafuta, na nyumba inayopikia nazi ina mafuta kila mahali. Osha kwa maji ya moto na magadi soda, suuza sana, ziinamishe zikauke zenyewe bila kitambaa. Jaribu moja: ilowanishe ndani, uigeuze. Maji yakitelemka kama utando mmoja, ni safi. Yakijikusanya matone, rudia.

Mmoja awe mmiminaji na asionje mzunguko huo. Chupa azifunge gazeti, glasi aziandikie namba zisizo na mpangilio kama 417 na 862, kwa sababu ukiandika 1, 2, 3 watu wanaanza kumpa namba moja alama za juu. Amimine taratibu ukutani mwa glasi, amalizie katikati kupata povu la kidole kimoja. Kwenye chupa yenye machicha aache sentimita moja chini.

Mpangilio haufuati kileo peke yake. Ukianza na bia iliyokaangwa sana, uchungu wake unabaki ulimini na bia laini inayofuata itaonekana maji. Ukianza na stauti ya maziwa, inayofuata itaonekana chungu kuliko ilivyo. Hivyo: Doppelbock, kisha ya Ubelgiji, kisha pota ya Baltiki, kisha Guinness, mwisho stauti ya kifalme. Stauti ya maziwa haimo kwenye zile tano: iwekwe pembeni, ionjwe baadaye kwa kulinganisha tu, sambamba na Guinness iliyobaki. Kati ya glasi na glasi, maji yasiyo baridi na kipande cha boflo kikavu, na dakika tano za kupumzika. Pilipili na achari baada ya kazi.

Kuonja kwenyewe

Weka tochi ya simu nyuma ya glasi. Doppelbock itang'aa wekundu wa kahawia. Guinness itaonyesha wekundu wa damu ya mzee pembeni tu. Stauti ya kifalme haipitishi kitu. Angalia pia povu: la rangi ya maziwa ni la kimea, la rangi ya kahawa ni la kukaanga.

Zungusha glasi, ifunike kwa kiganja sekunde kumi, funua, nusa mara tatu fupifupi. Usivute pumzi ndefu, pua inazoea harufu upesi na hutaipata tena. Andika neno la kwanza lililokuja, hata likiwa la ajabu. Kisha chukua kiasi cha kijiko kimoja kikubwa, kizungushe mdomoni ukiwa umebana pua, meza, ndipo uachie pua utoe pumzi. Harufu itarudi kwa nyuma, na hapo ndipo tende, karafuu na kakao hujitaja. Hesabu sekunde mpaka ladha ipotee. Mwisho toa alama 0 hadi 5 kwa vitu saba: kukaangwa, utamu, uchungu, uchachu, matunda, joto la kileo, uzito mdomoni. Hakuna kusema lolote mpaka wote wameandika. Mtu mmoja akitamka "kahawa", meza nzima itaonja kahawa.

Unachotakiwa kukikuta

Doppelbock: ganda la boflo la kahawia, sukari iliyoanza kuungua, kileo kilichojificha. Hopi, yale maua yanayotia bia uchungu, ni kidogo sana hapa. Inachachushwa kwenye baridi kwa wiki nyingi, hivyo matunda yasiwepo. Kukaangwa mpe 0 au 1. Ukionja kahawa, ama siyo Doppelbock ama glasi ilikuwa na mabaki.

Ya Ubelgiji huwachanganya watu kuliko zote. Ina kileo kikubwa, kumbe mdomoni ni nyepesi na gesi imejaa. Sababu ni sukari ile nyeusi: hamira huila karibu yote, ikaacha rangi, harufu na kileo bila uzito. Hamira yenyewe, ikifanya kazi kwenye joto, ndiyo inayotoa zabibu kavu, ndizi mbivu na karafuu ingawa hakuna aliyetia karafuu. Rudi kwenye sahani, nusa kisukari, nusa glasi. Kukaangwa tena ni karibu na sifuri. Weusi wake kwa sehemu kubwa ni wa sukari.

Pota ya Baltiki imekaa katikati. Viwanda vya London vilisafirisha bia nzito nyeusi kwenda Urusi na pwani za Baltiki karne ya 18, baadaye watengenezaji wa huko wakaiga, wengi kwa hamira ya baridi. Matokeo ni kukaangwa kusiko na majivu: kakao, sukari guru, tende, na ulaini unaoficha 9%. Kukaangwa 2, utamu 3 au 4. Hii ndiyo inayolewesha watu kwa utulivu.

Guinness ni kinyume chake. Shayiri iliyokaangwa bila kuoteshwa inatoa kahawa chungu na ncha ya uchachu, na mwisho wake ni mkavu. Kukaanga kwa kiwango hiki kuliwezekana baada ya mwaka 1817, Daniel Wheeler alipopata hataza ya pipa la kukaangia kimea Uingereza. Kabla yake pota zilikuwa za kahawia. Uchungu 4, utamu 1 au 2. Ukiiweka karibu na stauti ya maziwa utaona kazi ya sukari ya maziwa: hamira ya bia haiwezi kuila, inabaki yote, uchungu uleule unavaa koti. Ambaye tumbo lake halipatani na maziwa asome viambato kwanza. Lion na Dragon ziko upande wa utamu pia, ila utamu wao ni wa kimea na unakuja na matunda.

Stauti ya kifalme ina kila kitu kwa wingi: kukaangwa 5, uchungu 4, uzito 5, kileo kinachopasha kifua. Swali lake si kama ipo nguvu, ni kama nguvu zinashikana. Nzuri inapita kahawa, kakao, zabibu, halafu uchungu, kwa zamu. Mbaya inagonga vyote kwa pamoja kisha inaacha majivu. Hapo ndipo kipande cheusi cha boflo kinatumika: kikiwa na ladha ileile iliyobaki ulimini, shayiri ilikaangwa kupita kiasi au ilitumika nyingi mno.

Kasoro zinazojifanya ladha

Boksi lililolowa maji, au mvinyo uliokaa wazi: bia imezeeka kwa hewa na joto. Kwenye stauti ya kifalme chembe ya ladha hii hukubalika na wengine huipenda. Kwenye Doppelbock haifai. Siagi nzito maana yake hamira haikumaliza kazi. Tufaa bichi maana yake bia ilitolewa mapema. Mahindi ya kuchemsha ni mchemsho uliofanywa vibaya. Siki kali, pamoja na povu linalofumka chupa ikifunguliwa, ni vijidudu, na hiyo imwagwe bila mjadala. Harufu ya kicheche hutokana na mwanga kugonga hopi, na hukutwa zaidi kwenye chupa za kijani na nyeupe. Kabla ya kuilaumu bia fungua chupa ya pili. Huenda kasoro ni ya chupa hiyo moja tu.

Hakikisha hukisii

Siku nyingine, chagua bia mbili mnazodai mnazitofautisha, kwa mfano Guinness ya nchi mbili. Kila mtu apewe glasi tatu za ml 30 zenye namba, mbili za bia moja na moja ya nyingine. Kwa baadhi ya watu ile ya peke yake iwe bia ya kwanza, kwa wengine ya pili, na nafasi yake ibadilike. Afungwe macho au taa ipunguzwe, aonje kushoto kwenda kulia mara moja, ataje iliyo tofauti.

Kwa kubahatisha mtu hupata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo wawili kati ya watano wakipata, hakuna kilichothibitika. Wanne kati ya watano wakipata, uwezekano wa bahati tupu kuleta matokeo hayo uko chini ya 5 kwa 100, na hapo kuna sababu ya kuamini tofauti ipo. Ndipo muwaulize hao wanne wameonja nini, kila mmoja peke yake. Aliyekosea asiulizwe, maana atakachoeleza hakikutoka kwenye glasi.